Zilizo Zetu ni Zipi?

Desemba 2014, kikao cha bodi cha kufunga mwaka. Tulikuwa watu tisa kwenye chumba cha mbele cha ofisi ya shirika letu dogo lisilo la kiserikali, Muheza, mkoani Tanga. Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, na mezani kulikuwa na sahani ya machungwa yaliyokatwa vipande vinne vinne, maana Muheza hakuna kikao bila machungwa. Nilikuwa nimegawa taarifa ya benki. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu ambaye wote tulimwita Mzee, akavaa miwani, akapitisha kidole hadi mstari wa mwisho, akatabasamu. Benki kulikuwa na shilingi 87,400,000.

"Mwanangu," akaniambia, "kumbe tunazo. Hebu tuzungumze habari za kiwanja."

Nusu saa nzima wakazungumza kiwanja. Kiwe upande wa barabara ya Tanga au kule juu, tujenge vyumba vitatu au vinne, ofisi ikae mbele na ukumbi nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa mhasibu, tangu 2011, na ndiye peke yangu chumbani niliyejua kwamba kiwanja hakipo. Nikakaa kimya. Nilikuwa na haya ya kumkatiza mzee wa rika la baba yangu mbele ya watu, na nilijiambia nitamweleza baadaye, tukiwa wawili.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa bodi, mfanyabiashara wa nafaka pale sokoni. Hakuwa na lugha ya kihasibu. Aliuliza tu: "Dada mhasibu, katika hizi, zilizo zetu ni zipi?"

Nikageuza karatasi nikaandika kwa kalamu. Shilingi 61,200,000 ni za mradi wa maji na vyoo mashuleni, zina kazi yake hadi Juni. Shilingi 22,600,000 ni za mradi wa elimu. Shilingi 2,100,000 ni makato ya wafanyakazi, kodi ya mishahara na michango ya NSSF, ambayo tulikuwa bado hatujayapeleka. Zilizobaki: 1,500,000.

Mzee akavua miwani. Habari ya kiwanja ikaishia pale.

Nimeanza na kikao hiki kwa sababu kila nilichojifunza kuhusu fedha za shirika dogo kimo ndani ya swali la yule mama. Mashirika mengi kama letu hayafi kwa kukosa fedha benki. Yanakufa benki ikiwa na fedha za watu. Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na fedha ya mradi ni nguo ya kuazima: unaivaa, unapendeza, watu wanakusifia, lakini mwenye nayo akiitaka huna la kusema.

*

Nilidhani baada ya siku ile tungejirekebisha. Tulishtuka, na mshtuko ukapita.

Mwaka uliofuata mfadhili wa mradi wa maji alichelewesha awamu ya pili. Barua ya kwanza ilisema wiki tatu. Zikawa miezi minne. Wafanyakazi wa mradi ule walikuwa saba, wengine wamepanga nyumba, wengine wana watoto shule za bweni. Mwisho wa mwezi wa kwanza Mkurugenzi akaja mezani kwangu, akavuta kiti. Hakuamuru. Aliuliza kama kuna namna. Na namna ilikuwepo: fedha za mradi wa elimu zilikuwa zimekaa, kazi yake kubwa ni ya Septemba. Tukope huku, tulipe kule, awamu ikiingia turudishe.

Naikumbuka ile hati ya malipo. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika "mkopo wa ndani", nikaona inasikika vizuri, kama kitu kilichopo kwenye kanuni. Hakikuwepo. Mwezi wa pili haikuwa vigumu kuandika hivyo tena, na wa tatu sikuulizwa hata kidogo, nililipa tu. Hadi mwezi wa nne tulikuwa tumechukua 11,300,000.

Awamu ikaingia. Lakini mfadhili akakataa kutambua sehemu ya mishahara ya miezi ile, kwa hoja kwamba shughuli zilikuwa zimesimama na hatukuomba kibali cha kuendelea kulipa watu. Tukaweza kurudisha 7,200,000 tu. Pengo likabaki 4,100,000, na mkaguzi wa hesabu akalikuta. Alikuwa kijana mpole, akaniuliza mara mbili kama nina waraka wowote wa mfadhili wa elimu unaoruhusu. Mara ya pili alikuwa hanitazami, anatazama karatasi, na mimi nikajua anaandika nini.

Tulizirudisha. Tuliuza pikipiki ya shirika, ile iliyonunuliwa kwa michango ya wanachama. Mkurugenzi na mimi tulipokea nusu mshahara miezi mitatu. Wanachama wawili walitukopesha bila riba, Mungu awalipe. Mfadhili wa elimu alipokea fedha yake yote, akatushukuru kwa ukweli wetu, na mkataba ulipokwisha hakutupa mwingine. Shule kumi na moja zilipoteza mradi wa vitabu kwa sababu yangu na ile hati ya malipo. Sikuiba hata senti, wala Mkurugenzi hakuiba. Tuliwahurumia watu wetu kwa fedha isiyokuwa yetu, na watoto wa watu wengine ndio waliolipa.

Ndiyo maana siwezi kuzungumzia akiba kama jambo la hesabu tu. Shirika lisilo na akiba humweka mtu mwema mahali ambapo lazima amdhulumu mmoja kati ya wawili: mfanyakazi aliyemaliza mwezi wake, au mlengwa ambaye fedha ilitolewa kwa ajili yake.

*

Sasa nije kwenye jambo lililotugeuza, ambalo halikutoka kwenye semina yoyote.

Sehemu ya kazi yetu ilikuwa kulea vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA, kwenye vijiji vya chini ya milima ya Amani. Njia hii ya kikundi, hisa na kisanduku ilitoka mbali. Shirika la misaada la CARE liliianza Niger mwaka 1991 na akina mama wa kule, ikasambaa Afrika nzima. Sisi tuliifundisha. Mwanzoni mwa 2016 ofisa wetu wa vikundi aliugua, nikatumwa mimi kuhudhuria kikao badala yake, nikiwa na fikra za pengo letu kichwani.

Walikaa chini ya mwembe, mduara, kila mtu na namba yake. Kisanduku cha chuma cha bluu kikawekwa katikati. Kina kufuli tatu. Akainuka wa kwanza na ufunguo wake, akafungua kufuli yake, akarudi kukaa. Wa pili. Wa tatu alikuwa bibi mmoja mzee sana, ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga, na fundo lilikazika. Watu wote thelathini wakamsubiri alifungue kwa meno. Hakuna aliyemwambia harakisha, wala hakuna aliyesema ufunguo akae nao kijana.

Ndani ya kisanduku kuna vifuko viwili vya kitambaa. Kimoja cha hisa na mikopo. Kingine cha mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa. Kabla havijafunguliwa, mwenyekiti wa kikundi akauliza kwa sauti: "Mfuko wa jamii, kikao kilichopita tuliacha kiasi gani?" Na mduara mzima ukajibu kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza: "Elfu sitini na nne na mia tano!" Wengine pale hawajui kusoma. Kifuko kikafunguliwa, hela ikahesabiwa juu ya sahani ya plastiki, noti moja moja, sarafu moja moja. Elfu sitini na nne na mia tano.

Nilirudi na bodaboda hadi Muheza sikusema neno na dereva. Bodi yetu ilikuwa na walimu, muuguzi, afisa kilimo mstaafu, watu wenye vyeti. Ningewauliza wakati wowote shirika limebakiwa na kiasi gani cha kwake, hakuna ambaye angejibu. Hata mimi ningehitaji dakika kumi na kikokotoo. Tulikuwa tumewafundisha akina mama wale kutenga fungu la dharura, na sisi wenyewe hatukuwa na kifuko cha pili.

*

Aprili 2016 bodi ilipitisha sera ya akiba ya ukurasa mmoja. Nimeona sera za kurasa kumi na tano zilizokaa kwenye faili. Yetu ilibandikwa ukutani. Ilisema mambo manne: akiba inakaa akaunti yake, haichangamani na miradi; inatoka kwa saini tatu, na mmoja wa watia saini si mfanyakazi wala ndugu wa mfanyakazi; ikitumika, kikao kilekile kinaandika itarudishwaje; na kila kikao cha bodi kinafunguliwa kwa Mwenyekiti kuuliza bakaa ya akiba na wajumbe kujibu kabla mhasibu hajasoma chochote.

Hilo la nne watu walicheka. Kikao cha kwanza walijibu watatu. Baada ya mwaka walijibu wote, na niliona kitu sikukitarajia: mtu anayeijua namba kichwani huanza kuichunga. Mjumbe ambaye zamani alikuwa anasinzia kwenye taarifa ya fedha sasa alinipigia simu kuuliza kwa nini imeongezeka laki mbili tu.

Lengo tulilipima kwa miezi. Shilingi zinadanganya, maana bei zinapanda na milioni kumi ya 2016 siyo ya leo. Nilikaa na Mkurugenzi tukauliza: miradi yote ikifungwa kesho, ni gharama gani hazikwepeki ili shirika libaki shirika? Pango 350,000. Umeme, maji na intaneti 180,000. Mlinzi 220,000. Watu watatu wa msingi pamoja na michango yao 2,650,000. Ukaguzi wa hesabu wa mwaka ukiugawa kwa miezi, 250,000. Vikao na mengineyo 150,000. Jumla 3,800,000 kwa mwezi. Nikarudi nyuma kwenye ile 1,500,000 ya Desemba 2014 nikaigawa: siku kumi na mbili. Tulikuwa tumepanga kununua kiwanja tukiwa na uhai wa siku kumi na mbili.

Tukaweka lengo la miezi mitatu kwanza, kisha sita Mungu akijalia.

Fedha yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu mfadhili hakupi fedha ya kuweka. Ada za wanachama, 20,000 kwa mwaka, tulikuwa nazo kwenye katiba lakini hatudai. Tukaanza kudai, na kwa wanachama 34 hata wakilipa nusu ni kitu. Chumba cha mbele tukakikodisha kwa vikao vya watu, 30,000 kwa siku. Vilevile tukaacha kuandika bajeti za uongo. Nasema za uongo kwa maana hii: tulikuwa tunamwandikia mfadhili mradi ambao eti hauna pango, hauna mhasibu, hauna umeme, ili tuonekane wa bei nafuu. Kila mradi uliopita ulikuwa unakula ofisi bure. Tulipoanza kuandika sehemu halisi ya mhasibu na pango katika kila andiko, mmoja alikataa na wawili wakakubali bila hata swali. Miaka yote ile tulikuwa tunaogopa kuomba kitu ambacho wenzetu walikuwa wanapewa.

Chanzo cha nne kilikuwa posho, na kilituumiza.

Maofisa wetu walikuwa wanaalikwa na mashirika mengine kuwezesha mafunzo ya vikundi, na malipo yalikuwa yanaingia mifukoni mwao. Bodi ikasema: ukienda kwa siku za kazi, kwa jina la shirika, kwa vitabu vya shirika, nusu ya malipo ni ya shirika. Wiki ile ofisi ilikuwa kama msibani. Ofisa wetu mmoja, hodari kuliko wote, aliniambia usoni: "Dada, mnanichukulia hela ya karo ya mwanangu mkaiweke benki ilale." Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kwamba mwaka jana yeye ndiye aliyelipwa kwa ule mkopo wa ndani, na tusipokuwa na fedha ya kwetu kuna mwezi atafanya kazi na sitakuwa na cha kumpa. Alihama baada ya miezi minane. Sidhani alikuwa na makosa. Mshahara wetu ulikuwa mdogo, na ile posho ndiyo ilikuwa inauziba. Kama ningerudi nyuma ningeanza na robo, si nusu, na ningekaa na wafanyakazi kabla ya bodi.

Mwisho wa 2016 tulikuwa na 2,300,000. Mwaka 2017, 5,100,000. Mwaka 2018, 8,700,000. Mwaka 2019, 13,900,000, na kwa kuwa gharama za msingi zilishapanda hadi 4,200,000 kwa mwezi, hiyo ilikuwa miezi mitatu na kidogo. Sehemu tukaiacha akaunti ya kawaida, sehemu tukaipeleka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako inakua taratibu na ukiihitaji unaipata ndani ya siku chache za kazi. Kuna mjumbe alitaka dhamana za serikali za siku 364 kwa sababu faida ni nzuri zaidi. Nilipinga. Akiba ya dharura unayoisubiri mwaka mzima imeshakuwa kitu kingine.

*

Watu walianza kutuuliza kama ni halali. Swali lilitoka kwa mwanachama wetu, tena kwa nia njema: shirika halifanyi biashara, halitengenezi faida, mbona lina fedha? Nilimweleza kama nilivyoelewa Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Kutotengeneza faida maana yake hakuna anayegawana. Hakuna mahali panaposema lazima ufunge mwaka na sifuri. Akiba imo kwenye hesabu zilizokaguliwa, Msajili anaiona, mkutano mkuu unaiona. Tatizo lingekuwepo kama ingefichwa.

Lakini kulikuwa na swali zito zaidi. Mwaka 2018 mama mmoja wa kikundi alikuja ofisini na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na tatizo la moyo, wameandikiwa rufaa kwenda Dar es Salaam, na nauli na matumizi ya huko yalikuwa kama laki nne. Alikuwa amesikia, kama kijiji kizima kilivyosikia, kwamba ofisi ina fedha iliyowekwa. Alikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi. Hakupiga kelele, alisubiri tu.

Mkurugenzi akaniita. Tulikuwa na milioni nane. Laki nne isingeonekana. Na sote wawili tulijua kwamba kesho benchi lingekuwa na watu watano, na hakuna hata mmoja wao ambaye shida yake ingekuwa ndogo kuliko ya huyu.

Tulimwambia ukweli, kwamba fedha ile haiwezi kutoka. Kisha tukapitisha bahasha kwa wafanyakazi na bodi kwa simu, tukapata 310,000, kikundi chake kikaongeza kwenye mfuko wa jamii, akasafiri. Mtoto yu hai, na sasa anasoma. Hata hivyo sikulala vizuri wiki ile, na nikisema leo kwamba uamuzi ulikuwa sahihi nasema nikiwa najua mtoto angeweza kufa na uamuzi ungebaki uleule. Shirika letu halikuwa na fungu la dharura za watu binafsi. Tulilianzisha mwaka uliofuata, dogo, kwa michango ya harambee, likiwa na kifuko chake. Hilo ndilo alilotufundisha yule mama kwa kukaa kwenye benchi.

*

Machi 17, 2020 serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na kazi zetu nyingi zilikuwa mashuleni. Wafadhili wawili walisema subirini. Shule za msingi hazikufunguliwa hadi Juni 29. Katika miezi ile tulitumia 6,300,000 za akiba, Aprili hadi Julai. Hatukuwa na shughuli ya kujivunia. Tulilipa pango, mlinzi, watu watatu, na mishahara pungufu kwa wengine, tukawapigia simu viongozi wa vikundi kila wiki. Shule zilipofunguliwa, wiki ileile tulikuwa tumefika, vitabu mkononi, watu walewale wanaojulikana na walimu.

Kuirudisha akiba kulichukua miaka miwili. Mwisho wa 2022 ilikuwa 15,200,000.

Katikati hapo kiwanja kilirudi. Mzee alikuwa amestaafu uenyekiti, bodi ilikuwa na vijana wenye haraka, na hoja yao ilikuwa na uzito: tunalipa pango kila mwezi miaka kumi, tungekuwa tumeshajenga. Walitaka milioni tisa. Nilishindwa kuwashawishi kwa namba, hadi yule mama wa nafaka, ambaye bado alikuwa mjumbe, alipouliza swali lake lingine: "Mfadhili akichelewa Oktoba, tutamlipa mlinzi matofali?" Wakakubaliana kufungua kifuko cha tatu, cha kiwanja, kinachojazwa kwa harambee na kodi ya kile chumba cha mbele peke yake. Mpaka leo kiwanja hatujanunua. Kifuko kipo.

Kuhusu fedha za kigeni nitasema kwa ufupi, maana nililipia ada ya kujifunza. Tulikuwa na mkataba wa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kwenye shilingi 2,300 na ushee. Oktoba 2024 ikawa imepita 2,700, kila awamu inaingia ikiwa nono kuliko bajeti, na Mkurugenzi mpya akataka ile ziada ihamie akiba. Nilimwandikia mfadhili kuuliza. Akajibu ziada ni ya mradi, itumike kwa mradi. Kuelekea Krismasi shilingi ikapanda ghafla, dola ikarudi karibu na 2,400, na awamu iliyofuata ikaja pungufu. Upungufu huo haukuwa na mwenyewe isipokuwa sisi. Tungekuwa tumeihamisha ziada, tungeshindwa kumaliza visima viwili.

*

Mwisho wa 2024 akiba yetu ilikuwa 21,700,000. Gharama za msingi zilikuwa 4,900,000 kwa mwezi, kwa hiyo tulikuwa na miezi minne na ushee.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90. Sisi hatukuwa tunapokea moja kwa moja. Tulikuwa chini ya shirika kubwa, kwenye mradi wa afya ya vijana, na ndio uliokuwa unalipa watu tisa. Barua ya kusimamisha kazi ilitufikia siku chache baadaye. Ilisema usitumie hata shilingi kuanzia sasa. Matumizi ya Januari, 2,600,000, tulikuwa tumeshayafanya na risiti zake ninazo hadi leo kwenye faili la kijani.

Hapa nikagundua kosa ambalo miaka tisa ya kuchunga akiba haikunionyesha. Nilikuwa nahesabu miezi ya pango na mishahara, sikuwahi kuhesabu gharama ya kuachana na watu. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayeachishwa akiwa amemaliza mwaka au zaidi kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka kumi. Dereva wetu alikuwa na miaka sita: siku 42. Nilipojumlisha wote ilikuwa 3,700,000. Deni hili lilikuwa linakua kila mwaka mbele ya macho yangu, na nilikuwa naliita akiba. Ukiwa mhasibu na unasoma haya, litoe kwenye akiba leo, uliandike peke yake.

Tuliwalipa wote, siku ya mwisho ya Februari, kila mmoja na barua yake na cheti cha utumishi. Dereva alihesabu zake mbele yangu, akazikunja, akaniambia: "Mama, kuna rafiki zangu huko kwingine wameambiwa warudi nyumbani wasubiri simu." Tukapeana mkono. Mimi ndiye niliyelia, yeye alikuwa ananinyamazisha.

Tangu hapo tumehamia ofisi ndogo nyuma ya soko, pango nusu ya lile la zamani. Watu wa msingi ni wawili na nusu. Mimi ndiye nusu, nakuja siku tatu kwa wiki. Gharama za msingi zimeshuka hadi 3,600,000, na vyanzo vyetu vidogo pamoja na mradi mmoja uliobaki vinabeba sehemu kubwa. Kati ya Februari na Juni tulitoa 5,900,000 kuziba pengo.

Kikao cha Julai kilikuwa na wajumbe wapya wawili. Mmoja ni mama kutoka kile kikundi cha chini ya mwembe, mjukuu wa yule bibi wa ufunguo, na sasa ni mtia saini wa tatu wa akaunti ya akiba. Mwenyekiti akafungua kikao, akauliza kama desturi: akiba, kikao kilichopita tuliacha kiasi gani? Wajumbe wa zamani wakajibu. Yule mama akaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu, kisha akanigeukia na kuuliza ile ya kiinua mgongo iko kifuko gani. Nikamwonyesha mstari. Bado ina 450,000 tu. Ijumaa hii 180,000 nyingine zinakwenda huko.